Daftari Halisomwi Bila Mwenyewe

Baba yangu hajawahi kumtibu hata kuku. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa mtaani wapo wanaomwita daktari, naye huacha chai yake ipoe ili tu asimame awakatalie. Alikuwa karani wa masjala katika hospitali kubwa, miaka thelathini na mmoja, ndani ya chumba chenye rafu zinazogusa dari na dirisha moja lililogoma kufunguka tangu siku ya kwanza. Alipokea mafaili, akayapanga, na akayatafuta pale mgonjwa alipokuwa machelani na daktari anagonga meza. Na aliyasoma. Hakuna aliyemtuma ayasome, lakini mtu utamfungia na karatasi miaka yote hiyo halafu umtegemee afumbe macho? Alipostaafu alitoka na kikombe chake cha bati, rula ya mbao, na kichwa kilichojaa zile herufi ambazo madaktari huziandika mbili mbili, tatu tatu, kama watu wanaoogopa wino utaisha.

Mtaa ukampa jina la Mzee Faili. Mama hakuwahi kumwita hivyo. Alisema yeye hakuolewa na kabati.

Kazi yake ya pili ilianza na muuza mkaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja jioni moja ameshika daftari lake la hospitali, uso umemshuka. Ukurasa wa mwisho daktari alikuwa ameandika TCA 2/52.

"Mzee," akasema, "nimepata mbili kwa hamsini na mbili. Hata shule niliyoikimbia sikuwahi kufeli namna hii."

Baba hakucheka. Mimi niliyekuwa nashona pembeni ndiye niliyecheka mpaka nikajichoma sindano. Baba akamkalisha, akamweleza taratibu kwamba TCA maana yake urudi tena, na kwamba mwaka una wiki hamsini na mbili, kwa hiyo ukiona namba juu ya hamsini na mbili, hizo ni wiki. Juu ya saba ni siku, kwa sababu wiki ina siku saba. Juu ya kumi na mbili ni miezi. Hakuna aliyefeli, ametakiwa tu arudi baada ya wiki mbili. Muuza mkaa akaliangalia daftari lake kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Kesho yake akamleta mkewe, mkewe akamleta dada yake, na kabla ya mwezi kwisha ikabidi tutafute benchi.

Benchi lipo barazani, kushoto mwa mlango. Kulia ipo cherehani yangu, maana mimi ni fundi nguo na mwanga mzuri uko pale. Katikati anakaa Baba na kijimeza chake, kila siku ya kazi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hapokei chochote, hata yai, ingawa kwa mayai ni rahisi kujizuia: Mama anafuga kuku nyuma ya nyumba, na trei za mayai zinatuzunguka mpaka chini ya vitanda.

Baraza ni dogo na masikio ya majirani ni makubwa. Kwa hiyo Baba alibuni utaratibu. Akishafungua daftari la mtu, ananigeukia na kusema neno moja: "Shona." Hapo nakanyaga, hata kama sina nguo mezani. Cherehani yangu ni ya miguu, kuukuu, ina makelele ya kutosha kufunika maneno ya watu wawili walioinamiana. Walioko benchini wanasikia cherehani tu. Mimi niliye karibu nasikia yote, na Baba aliniapisha kwamba yanayoingia humo hayatoki. Sijawahi kutoa hata moja. Haya ninayoyasimulia wenyewe waliyatangaza, au ni ya nyumbani kwetu.

Mpishi wa shule, kwa mfano, alijitangaza mwenyewe kwa furaha. Alikuja macho yamevimba, amelia siku tatu. "Mzee, nimekutwa na NAD. Tumbo zima, wameandika NAD." Baba akaweka rula chini ya mstari, akasoma, akampa mkono. "Hongera. Maana yake wamekuchunguza na hawakuona kasoro yoyote." Mpishi alitoka pale anaimba, na mpaka leo akiulizwa hali anajibu, "NAD tupu."

Ndivyo na mimi nilivyojifunza, bila kukaa darasani. OD ni dawa mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. STAT ni sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. PRN ni ukihitaji tu, jambo ambalo mlinzi wa stoo ya nafaka hakulijua; alimeza dawa za maumivu kutwa mara tatu kwa uaminifu wa hali ya juu wakati mguu uliacha kumuuma tangu siku ya pili. NBM ni usile wala usinywe, na hiyo huandikwa kwa watu wanaosubiri upasuaji. Herufi zenyewe si ngumu. Kinachonipandisha hasira ni kwamba zinaandikwa ndani ya daftari ambalo mgonjwa anakwenda nalo nyumbani, kana kwamba mwili ni wake na habari zake ni za wengine. Nikisema hivyo Baba huwatetea madaktari. Anasema mtu mwenye wagonjwa mia mlangoni hana nafasi ya kuandika barua.

Basi ana masharti yake, na hayapindishi hata ukimlilia. Daftari halisomwi bila mwenyewe. Mume hasomewi la mkewe, mama hasomewi la mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. La pili, atasoma kama lilivyoandikwa, hapunguzi wala hatii chumvi. Akimaliza anakunja mikono na kusema, "Nirudishie," na hapo lazima umweleze wewe kwa maneno yako umeambiwa nini na utafanya nini. Ukikosea anaanza upya. Watu wa benchini hulalamika kwamba foleni haisogei, naye hujitia hamnazo.

Hilo la kutopunguza lina kisa chake. Zamani kidogo alikuja fundi viatu wa kona, rafiki yake wa miaka mingi, mcheshi asiye na mfano. Alikuwa na kidonda mguuni na sukari iko juu. Daftari lilisema TCA 3/7, arudi baada ya siku tatu. Lakini binti yake alikuwa anaolewa wiki hiyo, na mtu mwenyewe alikuwa anacheka, anahesabu viti. Baba hakuwa na moyo wa kumkatisha. Akamwambia, "Wanataka urudi ukipata nafasi." Nafasi ilipatikana baada ya mwezi, na mguu ukakatwa chini ya goti. Fundi viatu bado anashona viatu pale kona, bado anatania, na hajawahi kumlaumu Baba hata kwa jicho. Hilo ndilo linalomuuma Baba. Tangu hapo hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa Mama. Mama yangu ni mwanamke wa kuamka kabla ya majogoo wake na kuwaamsha yeye. Ana maneno machache na yote yana ncha. Benchi la Baba aliliita kliniki ya bure, na akipita na trei ya mayai huwasalimia watu kwa kuwauliza, "Haya, leo nani kafeli?" Sisi wa nyumba ile madaftari yetu ya hospitali yanajulikana, kwa sababu niliyavalisha yote majalada ya kitambaa kilichobaki nilipokata mapazia ya sebuleni, buluu yenye maua meupe. Ukiliona tu unajua ni la kwetu.

La Mama nililikuta ndani ya kopo la vifungo. Nilikuwa natafuta kifungo cha shati la mteja, nikazamisha mkono, nikagusa kitambaa. Daftari halikai kwenye kopo la vifungo. Limewekwa pale na mtu anayelificha, na anayelificha kwangu atakuwa ananidharau, maana hilo kopo ni langu. Nikalifungua nikiwa nimeshakasirika, bila kujua nimekasirikia nini.

Mistari ilikuwa minne. Ca, na mbele yake alama ya kuuliza. L ndani ya duara, na mchoro mdogo wa titi. Bx. TCA 2/52. Tarehe ilikuwa ya wiki saba nyuma.

Nilikaa chini sakafuni. Ca ni saratani. Alama ya kuuliza ni daktari anashuku, hajathibitisha. L ni kushoto. Bx ni kwamba wamekata kinyama kidogo kikapimwe. Kwa hiyo Mama alikatwa, akarudi nyumbani, akapika, akalisha kuku, na mimi nikamwomba anisaidie kubeba majora ya kitambaa akanisaidia. Na majibu yalikuwa yamekaa hospitalini wiki tano yakimsubiri. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakutuambia lolote kuhusu mke wa mganga.

Nilimkuta uani anafuta mayai kwa kitambaa kibichi, moja moja. Nikaliweka daftari juu ya trei.

"Ulikwenda na nani?" nikamuuliza.

"Na miguu yangu."

"Mama."

"Sauti yako. Kuku wataacha kutaga."

Nikamwambia najua kilichoandikwa. Akasema hata yeye anajua, amelala na mume wa herufi miaka yote, atakosaje kujua. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kuchukua majibu. Akafuta yai lilelile mara ya pili, mara ya tatu.

"Nikichukua majibu itabidi yasomwe," akasema. "Na baba yako atanisomea kama yalivyoandikwa, unamjua. Mimi nilitaka mtu wa kunidanganya kidogo, mwanangu. Humu ndani sikumpata."

Sijui nyinyi mngesema nini. Mimi nilisema maneno ya hasira, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba wiki zinakwenda na ugonjwa haungoji mtu ajisikie. Aliniambia tu kwamba nikimweleza Baba nitakuwa nimemvua nguo barabarani, na akanitazama mpaka nikaapa. Kisha akanikabidhi trei nipeleke ndani, kana kwamba tumemaliza kuongea kuhusu mayai.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu, kabla ya saa kumi, Baba alikuwa barazani anapanga rula na miwani yake, benchi tupu. Nikajiambia sijaapa kutomwonyesha, nimeapa kutomweleza. Ujanja wa kitoto, najua. Nikaliweka lile daftari mezani mbele yake.

"Nisomee," nikasema.

Hakuligusa. Alitazama maua meupe kwenye kitambaa cha buluu. La kwake analijua, lina doa la chai. La kwangu analijua, limechakaa pembeni. Nikaona mkono wake ukitoka mezani ukaenda kushika goti.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Baba, mwenyewe unamjua."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Yuko uani na kuku wake, na hatakuja. Lifungue."

"Daftari halisomwi bila mwenyewe."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mzazi. Nilimwambia masharti yake ni ya majirani, kwamba huyu ni mke wake, kwamba anakaa pale kila jioni anawasomea watu wote wa mtaa huu na ndani ya nyumba yake mwenyewe ni kipofu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikupanda.

"Nikilifungua bila yeye nitakuwa nimemfanya faili," akasema. "Mafaili nimeyafungua maelfu, na hakuna aliyeniruhusu hata mmoja. Mama yako si faili. Lirudishe ulikolitoa, vilevile lilivyokuwa."

Nikalirudisha. Nilimchukia siku ile, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kilichofuata hakuna jirani aliyekielewa. Baba aliacha kukaa barazani saa kumi, akaanza kukaa saa nane. Siku iliyofuata akakaa toka asubuhi. Jumapili, siku ambayo hajawahi kusoma hata lebo ya dawa ya mende, alivaa shati safi akakaa kwenye kijimeza chake na rula mbele yake. Watu walipokuja aliwasomea. Lakini mwisho wa benchi, karibu na nguzo, hakumruhusu mtu akae. Muuza mkaa alipotaka kuegemea nguzo Baba alimwambia, "Hapo pana mtu." Muuza mkaa akatazama, hakuona mtu, akasogea. Akaninong'oneza kwamba uzee umeingia. Nikamwambia afunge mdomo.

Mama alikuwa anapita. Alipita na trei, akapita na ndoo, akapita mikono mitupu. Hakuuliza tena leo nani kafeli. Usiku walilala chumba kimoja kama kawaida, na ukutani nilisikia wakiongea kuhusu bei ya chakula cha kuku. Siku ya tano alimpelekea Baba chai barazani, akaona ile nafasi tupu karibu na nguzo, akasimama na kikombe mkononi muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Baba alisema tu, "Asante, mama," akaendelea kungoja.

Siku ya nane, saa kumi na moja jioni, nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa. Kisha geti la mbele likalia. Mama alikuwa amezunguka nyumba nzima ili aingie kwa mbele, kama wageni wote. Alikuwa amevaa gauni la kijani nililomshonea, lile la kutokea, na kwapani amebana daftari. Watu watatu walikuwa benchini. Akawasalimia, akaenda mpaka mwisho, karibu na nguzo.

"Hapo pana mtu, shemeji," muuza mkaa akamwambia.

"Ndiye mimi," Mama akasema, akakaa.

Walimwambia apite mbele. Alikataa. Alisema amekuta watu na atafuata foleni. Baba hakuinua macho. Alimsomea wa kwanza, akamsomea wa pili, na wote wawili aliwadai wamrudishie neno kwa neno, hakuharakisha hata kidogo. Mimi nilishona suruali ya mtu mguu kwa mguu, nikaja kuifumua kesho yake. Muuza mkaa alikuwa wa tatu. Alimtazama Mama, akatazama lile jalada la buluu, na mtu yule ambaye hana siri hata ya chumvi ya nyumbani kwake akasema amekumbuka ameacha duka wazi. Akaondoka na wenzake.

Mama akahamia kwenye kiti cha mbele ya meza.

"Karibu, mama," Baba akasema. Ndivyo anavyowaambia wote. "Jina la mgonjwa."

Mama akataja majina yake matatu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Mzee Faili," Mama akasema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Baba akafungua daftari, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akanigeukia. "Shona."

Hapakuwa na mtu wa kufichwa, baraza lilikuwa tupu. Lakini nikakanyaga. Sindano haikuwa na uzi, na kitambaa kilikuwa kinapita kikitoboka tu. Nilimsikia Baba akisoma. Alisoma Ca akasema ni saratani. Alisoma alama ya kuuliza, kwa sauti ileile, akasema daktari anashuku na bado hajajua. Alisoma kushoto. Alisoma kinyama kilichokatwa, akasita kidogo, nadhani ndipo alipopiga hesabu kwamba kidonda kilipona akiwa kitanda kimoja nacho bila kujua. Alisoma wiki mbili. Hakuongeza neno la kubembeleza na hakuacha hata nukta. Nilikuwa namwombea apunguze. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani Baba adanganye, nikamwelewa Mama.

Kisha akakunja mikono. "Nirudishie."

Mama akasema kwa sauti ya juu kuliko cherehani. "Daktari anashuku saratani kwenye titi la kushoto. Hana hakika. Amepima, na alitaka nirudi baada ya wiki mbili. Zimepita nane. Nitakwenda kesho."

"Kesho haikuandikwa," Baba akasema.

"Najua haikuandikwa. Nakwenda kesho."

Baba akafunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili. Mikono ile ilibaki juu ya kitambaa cha buluu, yake na yake, na mimi nikaacha kukanyaga nikaingia ndani, kwa sababu kuna mambo hata fundi hatakiwi kuyasikia.

Kesho yake tulikwenda watatu. Kwenye korido ya kliniki Baba alisalimiwa na kila mtu mwenye mvi, na wote walimuuliza amemleta nani. Alijibu, "Nimeletwa." Mama alipoitwa ndani hakutaka tuingie naye. Baba akakaa kwenye benchi la bati akiwa ameshika rula. Sikujua kwamba ameibeba.

Mama alikaa ndani muda wa kutosha kuchemsha maharage. Alipotoka alikuwa ameshika daftari wazi, wino bado mbichi. Akampa Baba.

Baba akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Akafungua mdomo. Rula ikasogea chini ya mstari wa pili, ikarudi juu. Miaka thelathini na mmoja ya masjala, na benchi letu juu yake, na herufi zile zile alizozijua zaidi ya majina ya wajomba zake, na hakuna sauti iliyotoka. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akajaribu tena. Nikasogea nimsaidie, Mama akanizuia kwa kiganja.

Akakaa pembeni yake. Akachukua rula kutoka mkononi mwake, akaiweka chini ya mstari.

"Ca," akasoma. "Alama ya kuuliza haipo tena. Ni saratani, titi la kushoto. Uvimbe ni wa sentimita mbili, na haujatambaa kwingine, ameandika hapa, na ameniambia kwa mdomo pia. Nalazwa Jumatatu. Jumanne vipimo vya damu na picha ya kifua. Jumatano upasuaji. NBM kuanzia saa sita usiku wa kuamkia hiyo Jumatano." Alisoma kama yalivyoandikwa, hakupunguza. Kisha akakunja mikono.

"Nirudishie," akasema.

Baba alitazama sakafu. Nilidhani hataweza.

"Ni saratani," akasema. "Ni ndogo. Haijatambaa. Jumatatu unalazwa, Jumanne vipimo. Usile wala usinywe kuanzia saa sita usiku. Jumatano unafanyiwa upasuaji." Akainua macho. "Na mimi nitakuwa mlangoni."

"Hilo la mwisho halikuandikwa," Mama akasema.

"Najua," Baba akasema. "Liandike."

Mama akachomoa kalamu kutoka mfuko wa shati lake Baba, akaweka rula chini ya saini ya daktari, akaandika mstari mmoja kwa mwandiko wake wa mviringo, kwa maneno kamili, bila kufupisha hata herufi. Jumatano asubuhi muuguzi wa zamu alilifungua daftari lile, akausoma ule mstari pamoja na mingine yote, kisha akaenda kutafuta kiti.